Mezani kwa mchoraji: "Mbona picha inakufa nikianza kupaka rangi?"

Barua za mwezi huu ni nyingi kuliko nafasi niliyopewa, na karibu zote zinalia kilio kimoja. Mtu ana mchoro mzuri kwenye daftari, anauhamishia kwenye simu au kishikwambi, na kufika jioni umegeuka kitu ambacho hata yeye hakitambui. Nimechukua sita. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi nachora picha za vitabu vya watoto na mabango, ni mwaka wa kumi na tatu sasa, na meza yangu ni meza ya cherehani ya marehemu mama, chumba cha uani, Tabata. Cherehani lenyewe liko chini ya kitanda. Dirisha linatazama banda la kuku la jirani, kwa hiyo mkiona majogoo kwenye vitabu vyangu msiulize yametoka wapi.

Shikamoo dada. Kwa penseli nachora vizuri tu, hata wenzangu wananisifu. Lakini nikiupiga picha mchoro na kuupaka rangi kwenye programu, unakufa. Uso uliokuwa na uhai unakuwa wa mdoli. Nakosea wapi?
*Penseli Kali, Morogoro*

Marahaba mdogo wangu. Sina picha yako mbele yangu, lakini ugonjwa huo naujua, niliugua mwenyewe muda mrefu. Rangi unaionea bure. Picha ilishakufa kabla hujafungua kisanduku cha rangi, ila penseli ilikuwa inaificha maiti.

Nikupe mfano wa ukurasa mmoja. Mwaka juzi nilipewa hadithi ya msichana anayevuka na bibi yake kutoka Kigamboni kwenda kuuza vitumbua Feri. Ukurasa wa 9 ulikuwa na maneno mawili tu: "Pantoni lilifika." Mwandishi kamaliza kazi yake hapo, sasa zamu yangu. Nikakaa mezani nikachora kutoka kichwani: pantoni kwa ubavu kama basi, abiria wote wanacheka, jua kona ya kushoto limetoa miale kama la mtoto wa darasa la pili. Mistari misafi kabisa. Nikapaka rangi siku mbili. Mwanangu akapita nyuma yangu akauliza, "Mama, hili ni tangazo la nini?"

Kesho yake nikapanda daladala la alfajiri hadi Kivukoni. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimeegemea ukuta upande wa Magogoni na daftari la ukubwa wa kiganja. Jambo la kwanza nililoliona liliniaibisha, maana nimevuka pale maisha yangu yote: asubuhi jua linatokea ng'ambo, upande wa Kigamboni. Watu wanaoshuka wanakuja nalo mgongoni. Nyuso zao ziko gizani! Kinachowaka ni ukingo mwembamba tu, kwenye bega, kwenye sikio, kwenye mdomo wa kikapu, kwenye nywele za mtu asiyevaa kitu kichwani. Tena hakuna anayecheka. Lango la chuma limelowa, lina mteremko, kila mtu anatazama miguu yake. Mzee mmoja alikuwa anakokota baiskeli yenye madafu pande zote mbili, na nyuma yake umati mzima ulikuwa umepunguza mwendo kwa ajili yake bila mtu kusema neno. Nikasema, aa, kumbe picha ni hii.

Palepale ukutani nikachora vipicha kumi na kimoja, kila kimoja ukubwa wa kiberiti. Penseli ya 2B, hakuna macho wala vidole, ni rangi tatu tu: weupe wa karatasi, kijivu, na nyeusi ya kukandamiza. Kiberiti hakikupi nafasi ya kujificha kwenye urembo. Kama jambo halisomeki katika ukubwa ule, hata ukilichora ukutani halitasomeka. Cha saba ndicho kilichonishika. Nilikuwa nimechuchumaa kupisha toroli, nikachora nilichokiona kutoka chini: msitu wa miguu, na katikati ya msitu mwanga wa bahari. Hivyo ndivyo mtoto wa miaka saba anavyoliona pantoni. Haoni chombo, anaona miguu ya watu.

Sasa sikiliza, maana wengi wanapotelea hapa. Nilipofika nyumbani sikuanza mchoro mpya. Nilikipiga picha kile kile kipicha cha kiberiti, nikakifungua kwenye kishikwambi, nikakikuza hadi kikajaa ukurasa mzima. Kinaonekana kichafu, mistari minene kama kamba ya nanga. Nikakififisha hadi kibakie kama kivuli, nikafungua leya mpya juu yake (leya ni kama karatasi angavu zinazolaliana, unachora kwenye moja bila kugusa nyingine), nikachora nikifuata ule uchafu. Ukianza upya kwenye ukurasa mtupu, mkono utanyoosha kila kitu kilichopinda, na kile kilichopinda ndicho ulichokiona kwa macho yako.

Halafu kuna kitufe kinachotuliza mkono unaotetemeka. Programu karibu zote zinacho. Wanaoanza hukisukuma hadi mwisho kwa sababu mstari unatoka laini kama waya wa umeme. Nadhani mdoli wako ametoka hapo. Mstari wako wa penseli ulikuwa unakonda na kunenepa, mzito chini ya kidevu, umepotea kabisa pale shavu linapopokea mwanga. Wa kwenye programu una unene mmoja kutoka sikio hadi sikio. Shusha kile kitufe, na kubali mstari ukatike.

Baada ya mistari, bado sigusi rangi. Napaka kijivu. Ukurasa wa 9 ulikaa kwenye kijivu siku nzima na nusu, na hiyo ndiyo kazi yenyewe, mengine yote ni kuvalisha. Naanza na zile tatu za kwenye kiberiti, naongeza mbili, zinakuwa tano, basi. Kila baada ya muda nasimama, naenda hadi mlangoni, nafinya macho. Nikiwa mlangoni nilitaka nione vitu viwili tu: mwanga wa bahari katikati, na msichana aliyeshika kanga ya bibi. Mara ya kwanza nilimwona mzee wa madafu. Alikuwa mweusi mno dhidi ya mwanga, anameza ukurasa. Nikamsogeza mbele ya mtu mwingine mweusi, akatulia.

Rangi zinakuja juu ya kijivu hicho, na hapo mtego ni kwamba rangi inakudanganya uzito wake. Nyekundu inajiona nyepesi kumbe ni nzito. Kwa hiyo juu kabisa ya leya zote naweka moja ya kijivu kitupu, hali yake ya kuchanganyika naiweka kwenye "rangi". Nikiiwasha, picha nzima inageuka nyeusi na nyeupe, nikiizima rangi zinarudi. Nawasha na kuzima kama mtoto anayechezea swichi. Kama kijivu cha sasa hakifanani na kijivu cha jana, kuna rangi imeniasi.

Na ngozi. Nawaomba sana, acheni kuchukua kahawia moja na kuiongezea nyeusi ili kupata kivuli. Ngozi yetu ikikaa kivulini asubuhi haiwi nyeusi, inakuwa nyekundu nyekundu kama udongo uliolowa, na pale inapotazama juu inapokea bluu ya anga, hasa kwenye paji la uso na kwenye mfupa wa pua. Bibi wa ukurasa wa 9 uso wake wote uko kivulini, lakini ana bluu juu ya mashavu na joto la machungwa chini ya kidevu, kwa sababu beseni la vitumbua alilolishika kifuani ni jipya na linarudisha mwanga. Nikiwa na shaka natoka nje na mkono wangu. Kuku wamenizoea.

Kanga yake ilinipa kazi nyingine. Nachora kanga nzima ikiwa bapa, pindo, mji, na jina, ndipo naikunja juu ya mwili. Ukichora mikunjo kwanza kisha ukatafuta mahali pa kubandika maua, itaonekana ni stika. Nikaandika jina nililolipenda, "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Mhariri akanipigia simu: "Dada, huyu bibi wa ukurasa wa 9 anamsema nani?" Ikabidi bibi abadilishiwe kanga. Wasomaji wetu wanasoma kanga kabla ya kusoma hadithi, msijisahau.

Mwisho naigeuza picha kushoto kulia, kama kwenye kioo. Jicho lililoizoea linashtuka. Nilipoigeuza, pantoni zima lilikuwa limeinamia upande mmoja kama linazama, na nilikuwa nimelitazama siku tatu nzima bila kuliona.

Dada habari. Nina simu ya Android yenye RAM ya GB 4, sina kishikwambi wala laptopu. Nianze hivyo hivyo au nisubiri nipate vifaa?
*Kidole Gumba, Mwanza*

Anza leo. Kazi yangu ya kwanza kulipwa ilikuwa bango la chandarua cha mbu, nililichora kwa kidole kwenye simu iliyopasuka kona ya juu kulia. Kona ile ilikuwa haisikii mguso, kwa hiyo picha zangu zote za mwaka ule zina nafasi tupu juu kulia. Mtu mmoja aliniuliza kama ni mtindo wangu. Nikamjibu ndiyo.

Ila uijue simu yako mipaka yake. Ukurasa wa A4 wa kuchapishwa vizuri, nukta 300 kwa kila inchi, ni pikseli 2480 kwa 3508. Piga hesabu: ni pikseli karibu milioni 8.7, na kila moja inakula baiti 4, kwa hiyo leya moja tu iliyojaa ni kama MB 35 za kumbukumbu. Leya kumi, MB 350. Hapo simu bado ina mfumo wake, WhatsApp na mambo yako mengine. Ndiyo maana programu inakukatalia leya zaidi au inajifunga yenyewe ukiwa umefika patamu. Mimi nilikuwa nafanya hivi: kipicha na kijivu vyote nachora kwenye nusu ya vipimo, 1240 kwa 1754, ambako leya inakula robo tu ya kumbukumbu. Nikiridhika naunganisha zote kuwa moja, naikuza hadi kipimo kamili, halafu mistari ya mwisho na rangi nazipaka juu yake. Kukuza rasimu hakudhuru kitu, maana itafunikwa. Kukuza kazi iliyokwisha ndiko kunakoleta ukungu.

Simu ya kawaida haijui umebonyeza kwa nguvu kiasi gani, na zile kalamu za ncha ya mpira za bei ndogo hazikusaidii kwa hilo. Usihangaike. Chora mstari mnene kuliko unaoutaka, kisha uupunguze kwa futio pembeni hadi ukonde pale unapotakiwa kukonda. Mpaka leo, nikiwa na kalamu nzuri, nywele na ukili wa mkeka nazichora kwa futio.

Programu: ibisPaint inatosha kabisa kwenye simu. Siku ukipata kompyuta, hata ya kuazima, pakua Krita, ni ya bure. Kata soksi kuukuu, uvae kwenye kiganja, uache kidole unachochorea nje. Mkono wenye jasho hautelezi kwenye kioo, unakwama na mstari unaruka. Na kabla hujaanza kitu chochote kirefu, chaji simu. Mimi nimepoteza mbuni mzima, mbuni wa manyoya yote, kwa sababu betri ilikuwa asilimia 6 na umeme umekatika, nikasema namalizia mkia tu.

Assalaam alaykum. Nilitengeneza bango la maulidi lenye kijani kinachowaka. Kwenye simu kila mtu alilipenda. Lilipotoka kuchapwa, kijani kikawa cha mchicha uliochemka. Je, mpiga chapa amenidhulumu?
*Mpenda Kijani, Tanga*

Waalaykum salaam ndugu yangu. Mpiga chapa hana kosa, au tuseme kosa lake ni dogo kuliko lako, kama lilivyokuwa kwangu.

Kioo cha simu kinatoa mwanga. Kinachanganya nyekundu, kijani na bluu kama taa tatu. Karatasi haina taa, inarudisha mwanga uliopo, na mashine ya chapa ina wino nne tu: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Kijani cha taa, bluu ya umeme na machungwa makali havipatikani kwenye wino hizo nne, hata uwapigie magoti. Mashine inachagua kilicho karibu, na kilicho karibu na kijani chako ni huo mchicha.

Kitabu changu cha kwanza kilikuwa na bahari kila ukurasa, ile feruzi ya mchana inayoumiza macho. Nilipeleka faili likiwa bado la rangi za kioo, wenyewe wakaligeuza bila kuniuliza, na mimi sikuuliza. Maboksi yalipofunguliwa bahari ilikuwa maji ya kufulia suruali ya jinzi. Nakala elfu moja. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi nikapiga picha ya uzinduzi.

Tangu hapo namwuliza mpiga chapa kabla sijafungua ukurasa mpya: karatasi gani, inang'aa au haing'ai, faili mnalitaka la aina gani. Rangi nazipaka nikiwa nimewasha hakikisho la wino nne tangu mwanzo (kioo kinaonyesha rangi kama zitakavyotoka kwenye karatasi), ili kama kuna rangi ya kufa, ife mapema nikiwa bado sijaizoea. Maandishi meusi yawe ya wino mweusi peke yake, maana yakitengenezwa na wino zote nne, karatasi ikisogea kidogo tu herufi zinatoa kivuli. Pembeni pote acha milimita 3 za ziada ambazo kisu kitazila. Na lipia karatasi moja ya majaribio. Itoe nje uitazame kwenye mwanga wa mchana, usiitazamie chini ya taa ya dukani, hata mpiga chapa akiwa na haraka. Jambo jingine dogo ambalo limeua mabango mengi: usitume faili kwa WhatsApp kama picha, inalibana na kulipunguza. Itume kama dokumenti.

Sasa kijani chako. Chukua kanga ya kisutu uitazame. Nyekundu, nyeusi, nyeupe, basi, na inaonekana kutoka mwisho wa mtaa. Nyekundu yenyewe si ya ajabu, ni majirani zake wanaoiwasha. Fanya hivyo hivyo: zungushia kijani chako rangi zilizopoa, kahawia nzito, zambarau iliyokufa kidogo, weupe usio mweupe sana, nacho kitapata nguvu ambayo wino haina. Kijani kilichozungukwa na manjano kali na bluu kali hakiwezi kuwaka, wote wanapiga kelele.

Nina mteja anayebadilisha kila siku. Jana alitaka mti, leo anataka nyumba, kesho sijui. Malipo hajatoa. Nifanyeje?
*Nimechoka, Dodoma*

Simama kwanza. Hujalipwa, kwa hiyo mti na nyumba bado ni mazungumzo tu.

Mimi nachukua nusu kabla ya penseli, kwa simu, na nasubiri ujumbe wa muamala uingie. Halafu mteja anapita milango mitatu. Mlango wa kwanza ni vile vipicha vya kiberiti: achague kimoja, aandike "nimekubali" kwenye ujumbe. Hapo abadilishe mti kuwa nyumba, nyumba kuwa meli, kwangu ni dakika kumi. Mlango wa pili ni kijivu: abadilishe ukubwa, asogeze watu. Wa tatu ni rangi, na hapo namwambia mapema kwamba akitaka nyumba mpya baada ya rangi, nyumba ina bei yake kama nyumba nyingine yoyote. Wateja wengi si wakorofi, hawaoni picha kichwani mpaka waione mbele yao. Wanaonyeshwa iliyokwisha, ndipo wanaanza kufikiri.

Na wewe usiunganishe leya kabla hujalipwa. Mara moja kishikwambi kilijaa, nikaunganisha zote kuwa moja ili nipate nafasi. Usiku mteja kanipigia: yule mwanaume mwenye kofia aondolewe, anafanana na shemeji yake ambaye wana kesi. Nyuma ya mwanaume mwenye kofia hakukuwa na kitu tena, kulikuwa na shimo la umbo lake. Nilikesha nachora ukuta na nusu ya dirisha. Siku hizi naweka nakala yenye leya zote, zimeandikwa majina, "bibi", "kanga", "kunguru", na si "leya 47".

Mwandikiane pia anachonunua ni nini. Picha ya kitabu ni ya kitabu. Akitaka kuiweka kwenye fulana, arudi mezani.

Nilifundisha sanaa shuleni miaka mingi. Nasikitika kuona vijana wanasema wanachora, kumbe mashine ndiyo inayochora. Unasemaje?
*Mwalimu Mstaafu, Iringa*

Shikamoo mwalimu. Nimefurahi kuona unasoma ukurasa huu hata kama unakukera.

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968, hakuwa na turubai wala rangi za mafuta za madukani kwa wasanii. Alichukua vipande vya hadibodi, zile za kupigia dari, na rangi ya kupaka baiskeli. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, na bado wanaofuata mkono wake wapo hadi leo. Ukija Dar, mwalimu, nikupeleke Morogoro Stores kule Oysterbay uwatazame. Wanapaka mandhari kwanza, wanaiacha ikauke. Wanarudi na mnyama, wanamwacha akauke. Ndipo madoa. Mimi nikiwatazama naziona leya zangu, ila za kwao zinanuka rangi.

Nakubaliana nawe upande mmoja. Kuna kizuizi ambacho rangi ya baiskeli ilikuwa nacho na kishikwambi hakina: ukikosea, unasubiri ikauke, na katika kusubiri unafikiri. Sisi tuna kitufe cha kurudi nyuma, tunakibonyeza mara mia bila kufikiri hata mara moja. Ndiyo maana naanza kwa penseli ya 2B. Lakini mashine, mwalimu, haikupanda daladala kwenda Magogoni saa kumi na moja alfajiri. Ilibaki nyumbani kwenye chaji.

Swali fupi tu dada. Unajuaje kwamba picha imekwisha?
*Msomaji wa Kahama*

Mara nyingi najua kwa sababu nimeanza kuongeza kunguru. Dar es Salaam huwezi kuchora anga bila kunguru, na nikiona wamezidi watano ujue mkono hauna kazi, unajishughulisha. Ukurasa wa 9 ulifika kunguru kumi na wanne. Nikazima leya yao, nikanywa chai, nikawarudisha watatu, nikatuma faili Ijumaa jioni.

Kitabu kilipotoka nilikifungua ukurasa huo kwanza. Bahari sawa, kanga sawa, bibi amependeza. Baiskeli ya mzee wa madafu haina pedeli. Hata moja. Nilikuwa nimezichora kwenye leya ya "miguu ya nyuma", na miguu ya nyuma niliifuta siku ya pili. Kitabu kiko madukani mwaka wa pili sasa, na hakuna aliyeniandikia.